Siku Mama Alipokataa Farasi

Jumapili, 9 Februari

Misa ya kwanza, kisha saluni. Rasta tangu asubuhi, vidole vinawaka moto. Nimerudi nimemkuta Mama anazunguka nyumba tena. Anashika ukuta kwenye kona, anapumzika, anazunguka. Anasema ni mazoezi. Mazoezi ya nini, hasemi. Binti yangu Rose kamuuliza kama ameitwa timu ya taifa. Bibi yake kamjibu kwamba ndiyo, na nafasi aliyopewa ni ya Rose. Wamecheka hao wawili mpaka nimewaonea wivu.

Jumatano, 12 Februari

Kliniki ya macho. Presha ya macho imeshaharibu sana. Daktari ni kijana mpole, lakini maneno yake hayakuwa mapole. Dawa ya matone itachelewesha tu. Anachokiona Mama leo ndicho kilichobaki, na kitaendelea kupungua. Mama kamshukuru kana kwamba kapewa habari njema.

Kwenye bajaji ndipo aliposema anachotaka. Apande mlimani kabla macho hayajazima. Ayaone maporomoko ya maji yaliyo msituni, juu ya kijiji alichozaliwa. Yeye na bibi yangu walikuwa wakichota maji pale. Siku hizi ni hifadhi, mtu haingii bila kibali, na wageni wanapanda na mabegi mgongoni kwa kujifurahisha. Anataka kwenda kwa miguu, taratibu. Kumbe ndiyo mazoezi.

Sikumbuki mara ya mwisho Mama kuniomba kitu. Nimemwahidi tutakwenda kabla ya masika.

Jumatatu, 17 Februari

Mume wangu Deo kaja na jambo. Chini ya mlima kuna kambi ya wageni, yeye ndiye fundi wa jenereta lao. Wana farasi. Meneja kamruhusu kutumia wawili Jumamosi, bure, kwa shukrani tu. Wanapanda hadi mpaka wa msitu, na kutoka hapo hadi kwenye maporomoko si mbali. Mama atapanda mmoja, mimi mwingine, Deo atatembea akimwongoza wa Mama. Magoti yanayomsumbua Mama ni kama yamepona bila dawa. Nimefurahi mpaka nikapika ndizi nyama, Jumatatu.

Nilimwambia Mama. Akauliza, "Baba Rose naye anakuja?" Nikamwambia atakosaje kuja, yeye ndiye kawapata hao farasi. Akasema haya.

Anaogopa mnyama. Atazoea.

Jumamosi, 22 Februari

Nimechoka na nina hasira.

Mama aliamka wa kwanza. Kitenge kipya, kanga mbili juu yake. Mtunza farasi ni Mnyamwezi, anaitwa Maganga. Alipojua Mama ni Mluguru, mtani wake, akaanza: leo bibi anauzwa Tabora. Mama akamuuliza Mnyamwezi alianza lini kumiliki farasi, na huyu kamwiba wapi. Watu wakavunjika mbavu. Mama akamshika farasi shingo, akampapasa mpaka puani. Hakuogopa hata kidogo. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Pana kigoda cha kupandia. Unakanyaga, unavusha mguu, unakaa. Mama akakanyaga. Deo akaja upande wa pili kumpokea, kanyoosha mikono yote miwili, anatabasamu. Mama akashuka. Akasema tumbo linamuuma. Nikamwambia ajaribu. Akasema sisi twende. Basi nikamwambia, mbele ya Maganga na kila aliyekuwepo, kwamba anatuaibisha. Kwamba Deo kahangaika kwa ajili yake na yeye anadeka kama mtoto. Alikuwa anafunga kanga yake upya, anaikaza.

Farasi walishatandikwa. Deo akapanda wa Mama, tukaenda. Mama tukamwacha kwenye benchi na chupa ya chai.

Msitu ni mzuri, niseme ukweli. Ubaridi, ukungu, miti imeota ndevu za kijani. Na maji yale! Nimepiga picha nyingi. Nimecheka sana, Deo hajui hata kushika hatamu. Kwa muda mrefu sikumkumbuka Mama.

Tuliporudi alikuwa pale pale. Akauliza, "Mmefurahi?" Nikamwambia sana. Nilisema hivyo makusudi.

Jumapili, 23 Februari

Hakuzunguka nyumba leo.

Jumanne, 4 Machi

Mama mdogo Tekla kaja kutoka Mzumbe kumjulia hali dada yake. Nilimpeleka jikoni nikamlalamikia, hadithi yote, farasi, kigoda, tumbo la uongo. Nilidhani atanipa pole. Akaacha kuchambua mchicha.

"Ulitaka dada yangu atanue miguu mbele ya mkwe wake? Na mkwe amshike mapaja?"

Nimetamani ardhi ipasuke.

Nayajua haya. Hakuna aliyenificha. Tangu niolewe Mama hajala meza moja na Deo. Deo akiingia sebuleni, Mama anaondoka. Wakikutana kwenye korido, mmoja anarudi nyuma na kutazama ukuta. Naona kila siku, nimezoea kama mtu anavyozoea saa ya ukutani. Deo naye ni Mkaguru wa Gairo, kwao ni hivyo hivyo. Farasi wa bure wametutoa akili wote wawili.

Na Mama hakuwa na namna ya kusema. Kulitaja tu jambo lile mbele ya mkwe ni aibu nyingine. Akasingizia tumbo. Aliyataka yale maji kiasi kwamba alikanyaga kigoda. Mikono ya Deo ndiyo iliyomshusha. Mimi nikamwita mtoto.

Nimemwambia Deo wakati wa kula. Kaweka kijiko chini. "Mimi ndiye niliyenyoosha mikono," kasema. Hajamaliza chakula.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Nimekwenda kuulizia kibali, wamekataa kutoa. Njia zinateleza, sehemu moja udongo umeporomoka. Mpaka masika iishe.

Nimemwomba Mama msamaha. Akauliza, "Wa nini, mwanangu?" Kaniuliza kwa upole kabisa. Hata mimi sikuweza kulitamka. Nikamwambia basi tu.

Jumapili, 27 Aprili

Bado mvua. Mama kamimina chai pembeni ya kikombe, akaendelea kumimina. Rose kamsogezea kikombe bila kusema kitu. Matone anaweka kila siku, hakosi. Mimi namtazama akiweka, namtukana yule mwanamke aliyekaa juu ya farasi akicheka.

Jumamosi, 14 Juni

Tumekwenda. Mama, Mama mdogo na mimi. Deo katupeleka na gari hadi njia inapoishia, na Mama aliposhuka yeye Deo kageuza uso upande wa pili. Kabaki kwenye gari.

Tumepanda kwa miguu. Mkono wa Mama begani kwangu, Tekla nyuma. Tulipumzika mara nyingi. Hakulalamika hata mara moja. Mimi nilikuwa namwambia jiwe, mzizi, dimbwi, na yeye anaitikia, haya, haya.

Tukafika. Nikamsimamisha mahali pazuri. Maji yanaangukia upande wa kushoto, lakini ng'ambo kuna jabali refu na mlio unarudi kutoka kule. Mama akageukia jabali. Akatazama muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole kwenye mawe makavu.

"Yale pale. Yamepungua kidogo, lakini ndiyo yenyewe."

Mama mdogo akanitazama. Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Akanishika mkono, akanishukuru. Akasema sasa ameona, moyo wake umetulia, nisijisumbue tena.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa Mama kakaa jikoni, Deo yuko sebuleni, pazia katikati. Mama ndiye aliyeanza. Kamsimulia Deo safari yote kupitia pazia. Jinsi maji yalivyokuwa meupe. Jinsi jua lilivyopita kwenye majani. Mgeni mmoja mwenye kofia nyekundu aliyekuwa anapiga picha. Hapakuwa na mgeni yeyote.

Deo kafurahi, sijamwona hivyo tangu Februari. Kanifuata uani akaniuliza kwa sauti ya chini kama macho ya Mama yamepata nafuu. Nikamwambia ndiyo, kidogo.

Kisha nikaosha vyombo.