Alama ya Kidole cha Kaka Juu ya Prosesa

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie, na ukitaka kucheka nisome kwanza mpaka mwisho, maana shida yangu ukiisikia juu juu utadhani ni ya dukani tu, na mimi mwenyewe nimejidanganya hivyo kwa miezi minane.

Mimi na kaka yangu tulikuwa tunatengeneza filamu fupi za nyumba ambazo bado hazijajengwa, mteja analeta ramani, kaka anaijenga nyumba ndani ya kompyuta, mimi naweka rangi na mwanga, halafu kompyuta inakaa siku nyingi ikichora picha moja moja mpaka zitimie filamu, na hiyo ndiyo tunaita kurenda. Mwaka jana kaka akaanza kuijenga nyumba tuliyokulia, ile iliyobomolewa barabara ilipopanuliwa, akaijenga kwa kumbukumbu tu, chumba cha cherehani cha mama, dirisha lenye kioo kilichopasuka pembeni, hata msumari wa kutundikia mkasi, kwa sababu mama ana presha ya macho na daktari alituambia, "Mwaka huu bado ataona, mwakani siwezi kuwaahidi." Tulitaka aingie tena nyumbani kwake angali anaona. Nyumba ilikamilika, na mwanga nikauweka.

Sasa kompyuta yangu ndogo inatumia dakika arobaini kwa picha moja, na picha ziko elfu sita, piga hesabu mwenyewe Shangazi, kwa hiyo kaka akaamua tuunde mashine yetu ya kwanza yenye prosesa mbili, yaani bongo mbili za kompyuta zinazogawana kazi, akaandika orodha ya vipuri kwa mkono wake, akanunua ubao mama, ule wa kupachikia vipuri vyote, na prosesa ya kwanza, akaipachika, akaipaka kwa kidole ile dawa nzito ya kijivu inayopitisha joto kwenda kwenye feni, akasema, "Feni tutaifunga kesho, leo kifua kinanibana." Kesho yake tukampeleka hospitali. Hakurudi.

Nilikwenda kutafuta prosesa ya pili, muuzaji akaniambia aina ile haiji tena, akanipa mpya yenye nguvu zaidi inayoingia tundu lilelile, nikafurahi, nikasema moja itakuwa ya kaka na moja yangu, zikae jirani. Fundi wa kompyuta alipoiona akacheka, "Dada, hizi zinataka pacha. Hawa hata si wa ukoo mmoja." Kwa hiyo ama niitoe ya kaka niweke mpya mbili, ama nimtafute pacha wake aliyekwisha tumika. Dada yetu mkubwa akasema, "Itoe, hicho ni chuma tu, mama anapofuka," na tangu siku hiyo hatuzungumzi. Pacha nimempata mara mbili, mmoja alikuwa na mkwaruzo nikamwacha, wa pili hakuwa na boksi nikamwacha, kasha la mashine nimelibadilisha mara mbili, pawa saplai nimezilinganisha mpaka nazijua kama binamu zangu.

Na sasa niseme ukweli. Kidole cha kaka kimeacha alama kwenye ile dawa, mistari yote inaonekana. Fundi anasema imekauka, nikiibakiza prosesa ya kaka lazima ifutwe ipakwe mpya, la sivyo prosesa itaungua. Nimeifunika kwa bakuli la kioo, kila asubuhi naitazama. Juzi mama alikuwa anapapasa mezani akitafuta mkasi, jua limejaa dirishani, akaniuliza, "Umeme umekatika?"

Shangazi, nichague prosesa ipi?

Ni mimi,
Mchagua Vipuri

Mwanangu Mchagua Vipuri,

Pole. Kufiwa na kaka ni msiba, na kufiwa na kaka mliyekuwa mnafanya kazi meza moja ni msiba unaoukuta kila unapokaa kwenye kiti. Nimelia nawe, na sasa nakugombeza.

Uliniambia nipige hesabu, nimepiga. Picha elfu sita, dakika arobaini kila moja, ni miezi mitano na nusu. Wewe umechagua vipuri kwa miezi minane! Ile kompyuta yako ndogo unayoidharau ingekuwa imemaliza, na mama angekuwa ameshaingia nyumbani kwake. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma, lakini wewe hata koroma hukutaka, maana pacha umempata mara mbili ukamtafutia kasoro kama mtu anayemkataa mchumba. Hukuwa unatafuta prosesa, mwanangu. Ulikuwa unaogopa kitambaa cha kufutia.

Mimi si fundi, ila nimemuuliza anayetutengenezea mashine hapa ofisini. Amesema ubao wa prosesa mbili unawaka hata na moja, mradi ikae tundu la kwanza na memori zote zikae upande wake, kwa sababu upande wa pili hulala ukikosa mwenyewe. Kwa hiyo ya kaka usiitoe. Hiyo mpya irudishe dukani. Itakwenda polepole kuliko mlivyopanga, lakini itakwenda, na wewe vilevile. Pacha akipatikana baadaye, mchukue hata akiwa na mikwaruzo.

Filamu nzima usiingojee. Anza na chumba cha cherehani peke yake, punguza ukubwa wa picha, na ikitoka picha ya kwanza mkalishe mama karibu na kioo cha kompyuta aione hiyohiyo. Macho yake hayangoji picha ziwe nzuri.

Mpigie dada yako leo. Kuhusu chuma alikosea. Kuhusu mama hakukosea, nawe unajua, ndiyo maana umenuna. Aje akae na mama wewe ukiwa kazini.

Na ile alama. Inua bakuli, uipige picha kwa karibu, kwa mwanga wa dirishani, mpaka kila mstari uonekane. Kisha fungua ile nyumba aliyoijenga kaka yako, uibandike picha hiyo kwenye kioo cha dirisha la mama, pale penye ufa, kama ya mtoto aliyeegemea kioo akichungulia nje. Mama huenda asiione, lakini itakuwa nyumbani.

Ukimaliza chukua kitambaa safi, ufute. Lia ukifuta, hakuna anayekukataza. Halafu paka dawa mpya kwa kidole chako mwenyewe, funga ile feni aliyosema mtaifunga kesho, uwashe mashine.