Mwenzake Mama Dirishani

Jumatatu, 4 Agosti
Nesi kaja na mizani yake. Mama kilo thelathini na tisa! Kanivuta pembeni, kwa upole: atarudi Ijumaa ya wiki ijayo, akikuta zimepungua tena, mama anapelekwa hospitali, alishwe kwa mpira wa puani. Nimeitikia tu.

Mama hana ugonjwa wa kuonekana. Ni kula. Miaka arobaini na sita hakutia tonge mdomoni kabla ya baba kuanza. Baba achelewe kazini vipi, sahani zinafunikwa, tunangoja, matumbo yanaimba. Akishasema bismillahi, ndipo mkono wa mama unatoka. Baba katutoka, miezi saba sasa. Nani aanze? Ee Mola, nifundishe.

Jumatano, 6 Agosti
Kuna buibui dirishani kwa mama, upande wa nje, kati ya vyuma na kamba ya nguo. Mkubwa, njano kwa mistari myeusi. Katikati ya utando kashona zigizaga — safi kuliko ya cherehani yangu! Naona wivu, astaghfirullah.

Leo kanasa panzi. Kamkimbilia, kamzungushazungusha kwa miguu huku anamfunga nyuzi, nyeupe pe, kama mtoto anavyofungwa nepi. Kamuuma. Kangoja atulie. Mama kashuhudia yote, kisha kasema: "Mwenzangu anakula. Lete uji."

Nusu bakuli! Nimelia jikoni. Alhamdulillahi.

Alhamisi, 7 Agosti
Asubuhi nzi wawili. Mchana nyuki — huyo kafungwa kwa mbali kwanza, nyuzi juu ya nyuzi, hakusogelewa mpaka mwiba umekwama. Jioni kadudu ka kijani, kale kanakonuka ukikagusa. Buibui kakapapasa, kakata nyuzi, kakaacha kaanguke.

Mama: "Baba yako na bamia, hivyohivyo."

Kweli kabisa! Alikuwa anazisogeza ukingoni mwa sahani, moja moja, akidhani mama haoni. Na mama anazila zote baadaye, kimya, hamwambii kitu. Tumezungumza bamia nusu saa. Viazi, vijiko vinne.

Jumamosi, 9 Agosti
Tangu jana upepo. Utando mtupu. "Mwenzangu hajala," na sahani inarudi kama ilivyokwenda.

Nimefanya ujinga. Mama kasinzia, nikaokota nzi mfu dirishani, nikamtundika kwenye utando kwa pini. Buibui kaja mbio. Kagusa. Kakata, katupa chini. Nyuma yangu nasikia: "Hata yeye hali kiporo!"

Kumbe alikuwa macho! Kacheka, mama yangu, kicheko kile alichokuwa akimchekea baba akivaa shati kinyume. Miezi saba sijakisikia. Lakini hakula.

Jumapili, 10 Agosti
Mdogo wangu kaja kututazama. Kufika tu, kashika fagio.

"Dada, mama mgonjwa halafu unafuga buibui?"

Kabla sijajibu, mama kitandani: "Uguse uone!"

Fagio limerudi mlangoni lenyewe. Nikamweleza habari ya panzi. Kaguna, kakunja suruali, tukaingia nyasini nyuma ya nyumba, mimi na hiyo miwani yangu, yeye na hilo tumbo lake. Jirani kachungulia: "Fundi, sindano imepotelea huku?" Tumecheka, tukaendelea kusaka. Mara ya mwisho kukamata panzi naye nilikuwa namfuta kamasi.

Panzi kampata yeye. Tumemrusha utandoni akiwa hai, buibui kampokea. Mama yai zima.

Jumanne, 12 Agosti
Buibui kapungua tumbo ghafla, kanywea. Pembeni ya utando pananing'inia kifuko cha hudhurungi, kama chungu kidogo kilichofungwa mdomo. Mayai.

Nimempelekea panzi mzuri, mnene. Panzi kapiga mateke, kachana nyuzi, kaenda zake. Buibui hata mguu hakuinua.

"Mwache," mama kasema. "Amemaliza kazi yake."

Sahani imerudi.

Alhamisi, 14 Agosti
Kesho nesi. Siku mbili mama ni maji tu. Buibui yupo palepale, miguu kaikusanya, na zigizaga imekatika upande mmoja, haishoni tena. Baada ya sala ya adhuhuri nimebaki juu ya mkeka muda mrefu, dua zimeniishia.

Nikapeleka sahani. Kwa mazoea tu. Nikageuka nirudi kwenye gauni la watu. Mama kaniita.

"Wewe unakula saa ngapi?"

Nikasema, palepale kwenye cherehani, mama. Nimesimama. Kati ya nguo na nguo.

"Peke yako?"

Miezi saba napeleka sahani moja chumba hiki, naifunika, naondoka. Moja! Sikuwahi kuja na yangu. Mtu aliyelelewa na sahani za kungoja!

Nimekwenda kuichukua. Nimevuta kigoda cha baba, miguu yake bado inacheza upande wa kushoto. Naandika daftari likiwa gotini, kwa kuwa nikimtazama sana atajua ninachotaka. Nimesema bismillahi kwa sauti. Nimemega, nimetafuna. Mama kautazama utando. Sasa anatazama mdomo wangu. Shuka linasogea, vidole viwili vimetoka —