Kitambaa cha Zaina

(Ukurasa huu nimeunakili kutoka daftari langu la miaka ya uasi. Sikubadili neno.)

Jumatatu, alasiri. Mvua haijanyesha tangu Ijumaa na bati la nyumba linaalika kwa joto. Nina hasira. Naanza na hilo ili nisijifanye mpole mbele ya karatasi.

Mdogo wangu Zaina amekaa mkekani kwa sababu hawezi kulala chali wala kifudifudi. Zaina ni albino. Shingo, masikio na mabega yake yamekuwa mekundu kabisa, na paji la uso limevimba hadi macho yamekuwa madogo. Haya yote ni kazi ya jua la asubuhi moja.

Tangu juzi nafanya jambo hilo hilo. Nachemsha maji, nayaacha yapoe, nachovya kipande cha kikwembe cha zamani kilicholainika kwa kufuliwa, nakilaza shingoni. Kikipata joto nakitoa, naweka kingine. Napasua jani la shubiri na kumpaka ule ute mahali pasipo na malengelenge. Malengelenge siyatumbui. Namnywesha maji, kikombe baada ya kikombe, mpaka ananichukia.

Jana jirani yetu Mama Feza aliingia na chupa ya mawese. Kabla sijageuka alikwisha kumpaka bega zima, kama anaandaa samaki wa kukaanga. Mafuta juu ya ngozi iliyoungua! Yanafungia moto ndani. Zaina alipiga yowe. Nikamfukuza Mama Feza, mwanamke wa umri wa mama yangu, na chupa yake nikaiweka nje. Mama alinikaripia kwa kukosa adabu. Sikuomba radhi na sitaomba.

Halafu asubuhi hii akaja kiongozi wa avenue yetu, yaani mtaa wetu, na karatasi yake. Jumamosi ijayo ni salongo tena, kazi ya lazima, kule kule Bangboka, kwenye uwanja wa ndege. Jina la Zaina limo. Nilimvuta ndani nikamwonyesha ile shingo. Akatazama ukuta.

“Dada, mimi iko naandika tu. Mutu akikosa, wanachukua mama yake. Unajua.”

Najua.

Mama ana presha. Hawezi kukaa hata siku moja katika chumba cha waasi cha kufungia watu. Kwa hiyo Zaina atakwenda, na ngozi ile itakuwa bado mbichi.

Jumamosi iliyopita askari wao walitupakia kwenye lori, watu wa avenue nzima, tukafyeke majani kando ya uwanja wa ndege. Zaina alivaa gauni la mikono mirefu lenye shingo pana, na kichwani kile kitambaa chake kikubwa kinachoshuka hadi mabegani. Sisi ni Waislamu, lakini kwake kile si heshima peke yake. Ndilo paa lake.

Kabla ya kazi wakapandisha bendera yao. Hapa kwetu hata mtoto mdogo anajua: bendera ikipanda unasimama ulipo, huchezi, na aliyevaa kofia anaivua. Lakini wanawake hawajawahi kuvuliwa vitambaa. Hilo walilizua wao.

“Toa yote! Kofia, kitambaa, yote! Bendera iko napanda!” askari alipiga kelele.

Bendera ilipanda kwa dakika moja. Kisha mkubwa wao akaanza kuhutubia. Akatuhubiria ukombozi mpaka jua likafika utosini, na hakuna aliyeruhusiwa kufunika kichwa. Baba yangu alikuwa akisema kwamba siku ya uhuru walisimama juani hivyo hivyo, wakisikiliza hotuba, ila siku ile walikuwa na furaha. Sisi tunakombolewa kila baada ya miaka michache na kila mkombozi anataka tusimame juani. Nimechoka kukombolewa.

Mama nilimwambia kwamba askari alimvua Zaina kitambaa.

Nilidanganya.

Zaina alikataa kukivua. Alisema kwa sauti ya kawaida, “Siwezi. Jua itaniunguza.” Askari akaanza kuja upande wetu, bunduki imelala mkononi. Watu nyuma yetu wakanong’ona, mwambieni atoe, atatuponza. Nikanyoosha mkono wangu mwenyewe nikakivuta. Pini ilimkwaruza sikio. Askari akacheka, akarudi mahali pake.

Hakunigusa. Hakuwa hata amefika. Nimelaani watu wa kila aina katika ukurasa huu, na mwenye mkono ule ni mimi.

Leo mchana, Mama akiwa jikoni akiwalaani askari mmoja mmoja, Zaina aliushika mkono wangu uliokuwa na kitambaa cha maji.

“Haikuwa askari, yaya. Ilikuwa weye.”

Huniita yaya, dada mkubwa, hata leo. Hakulia. Aliuachia mkono, akainamisha shingo niendelee.

Nikaenda jikoni nikamwambia Mama kila kitu. Hakunitukana. Alifunika sufuria, akapita mbele yangu, akakaa mkekani, akaanza kuchovya kikwembe yeye mwenyewe. Tangu hapo sijaitwa kusaidia. Nasikia maji yakidondoka kwenye beseni.

Jumamosi ijayo nitasimama mbele ya Zaina, na kitambaa kitabaki kichwani pake hata wakinipiga. Naandika hivi kivulini, nikiwa nimeshiba hasira. Je, askari akianza tena kuja upande wetu, mkono wangu utanisikiliza?