Swali la Mwisho Kwenye Ukurasa Wako

Dada yangu mkunga,

Shikamoo. Nakusalimu kwa mikono miwili, maana mmoja hautoshi baada ya miaka minne. Mgongo unaendeleaje? Bado unainama kwenye vile vitanda vifupi vya wodi, au wamewapatia vingine? Na Mama, magoti yake yameacha ugomvi na ngazi? Mimi mzima, nimenenepa kidogo mashavuni, na nguo nafua mwenyewe. Usicheke.

Aliyekuletea barua hii ni jirani yangu, fundi cherehani, anayekuja huko kumwona mama yake. Ameishona ndani ya bitana ya koti lake pamoja na flashi ndogo, kwa hiyo usishangae akiomba mkasi kabla hata hajakaa. Kupiga simu sikuthubutu. Unajua huko zinavyosikilizwa.

Habari ya kwanza ni njema. Unaukumbuka ukurasa wako wa mtandaoni wa maswali ya wazazi, ule uliofungwa wiki ya maandamano? Sasa unaweza kuufungua tena. Habari ya pili si njema, na ukishaisoma utaamua mwenyewe kama bado una mdogo wako. Nimezipanga hivi kwa woga tu. Nivumilie.

Huku ugenini nafanya kazi kwenye bunge lao. Tafadhali usimwambie Mama nimekuwa mheshimiwa, atawatangazia jirani wote. Mimi ni fundi wa vipaza sauti. Nakaa kwenye kibanda cha kioo, mwenyekiti akimtaja msemaji nabonyeza kitufe, taa nyekundu inawaka, mtu anasikika. Mwaka huu uliletwa muswada wa kuwasaidia watu wa nchi kama yetu, ambako serikali ndiyo inayoamua nani asome nini mtandaoni. Ulitaka bunge litenge fedha kwa mafundi wanaotafuta njia za kupita kwenye vizuizi hivyo, na kampuni za huku zikatazwe kuuza mitambo ya kuwaziba watu midomo. Mbunge mmoja mzee, ulimi wake mkali, akasema hayo yote ni maneno ya kusikia. Akauliza yuko wapi hata mtu mmoja aliyewahi kufunga ukurasa kwa mkono wake mwenyewe. Kipaza sauti alichoulizia nilimwashia mimi, na kidole changu kikabaki palepale juu ya kitufe, kimepoa.

Wewe huwaambia wazazi wanaoona haya kwamba mficha uchi hazai. Kesho yake nikaenda kwa katibu wa kamati iliyokuwa ikiuchunguza muswada, nikamwambia mtu anayetafutwa ni mimi.

Ndiyo, dada. Ile kazi niliyowaambia kuwa ni ya kutengeneza laini za simu, ilikuwa ya kufunga kurasa. Tulikuwa watu kumi na wawili chumba kimoja, kompyuta zimepangwa kama madawati, na meneja akipita nyuma yetu akimumunya peremende. Wiki ya maandamano ikaja amri: ukurasa wowote unaokusanya zaidi ya watu elfu moja kwa siku ufungwe, hata kama wanazungumzia nepi. Wako ulikusanya elfu mbili, na kweli walikuwa wanazungumzia nepi. Niliufunga mimi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa mezani pako. Siku tatu mfululizo ulinikabidhi simu yako, ukaniita kwa jina ulilonibandika utotoni kwa vile sikukosekana kwenye sufuria, ukasema we Kijiko, wewe ndiye unayejua mambo haya, hebu nitengenezee. Siku tatu nikajifanya nabonyezabonyeza, huku nakula chakula ulichonipakulia. Ukanihurumia, ukaniambia basi niache, nisije nikaumiza macho. Sijawahi kujichukia kama siku ile.

Haya niliyasema mbele ya kamati, mwenzangu ndiye aliyeniwashia kipaza. Glasi ya maji iliniangukia mapajani, na ushahidi wangu wote nikautoa nimelowa. Yule mzee, siku ya kura, alikuwa upande wetu. Sheria imepita. Si uchawi, mafundi na wafungaji bado wanakimbizana kila siku. Ila programu iliyomo kwenye flashi imetengenezwa kwa nguvu ya sheria hiyo. Iweke kwenye simu, itakupitisha njia ambayo akina meneja hawaioni.

Lakini kuna jambo moja sikuliambia bunge. Hilo nalileta kwako.

Kabla ya kuufunga ukurasa niliunakili wote, nao umo kwenye flashi. Swali la mwisho liliingia dakika tisa kabla. Ni la mama mmoja mwenye mtoto wa siku tatu. Mtoto hajanyonya tangu asubuhi, amelegea, macho yamekuwa ya njano. Mama anauliza angoje kesho au aende hospitali leo. Nililisoma, dada. Na jibu nililijua. Nimekulia nyumbani kwako, nimekusikia mara mia ukisema mtoto anayekataa ziwa hangojwi. Yalihitajika maneno mawili tu, nenda sasa, na vidole vyangu vilikuwa vimeshagusa herufi. Meneja akasimama nyuma yangu. Nikayaacha, nikafunga.

Namba ya yule mama ipo chini ya swali lake. Nakuomba umtafute kabla ya kunijibu mimi. Mwambie hukumdharau, mwambie mdogo wako ndiye aliyekuzuia usilione swali lake. Kisha niandikie utakachokikuta, hata kiwe kipi. Fundi atarudi baada ya mwezi, koti lake lina nafasi.

Nisalimie Mama, umwambie nakula. Nisalimie shemeji na wanao wote, yule mkorofi mvunja vikombe zaidi. Na yule mtoto, kama yupo, sasa ana miaka minne. Nisalimie na yeye pia, ila usimwambie ni salamu za nani.

Mdogo wako, ukinikubali,
Kijiko