Kwa Mama Feza, Aliyeonja Pome

Mama,

Wamekataa jina lako. Jumapili iliyopita nilimpeleka binti yangu kwenye kapela, kanisa letu dogo, abatizwe. Katekista akaniuliza mtoto anaitwa nani. Nikasema, Feza. Akaweka kalamu chini. "Feza kama yule wa pome? Tafuta jina lingine." Nikamwambia sina lingine. Nikambeba mtoto wangu, tukatoka. Sikulia mpaka nilipofika nyumbani, na hata hapo nililia kwa hasira.

Nilikuwepo siku ile, Mama. Watu wanaisimulia vibaya, wanasema ulikuwa mlafi. Ulafi gani?

Padri alikuja kwetu mwenyewe, kwa kuwa aliona kuta za nyumba yetu, namna ulivyozipamba kwa udongo mweupe na masizi. Alitaka umchoree Eva na nyoka nyuma ya altare. Ulifurahi! Nyoka peke yake ulimchora siku mbili. Ilipofika zamu ya tunda, akasema weka pera, maana watu wa huku hawajui pome, lile tunda la Ulaya. Ukashusha mkono. Mapera ndiyo yaliyotulisha mwaka ule Baba alipochukuliwa kwa nguvu kwenda kutengeneza barabara ya Kabambare.

"Padri, kule kwenu Eva anashika nini?"

"Pome."

"Iko mu Kitabu?"

Alisema ukweli, hilo simnyimi. Kitabu kinasema tunda tu. Pome waliliweka wachoraji wa kwao tangu zamani sana, kwa sababu katika Kilatini neno la pome na neno la ubaya yanafanana. Ukacheka. "Basi hii kesi iko ya Kilatini, haiko ya mapera yangu. Lete hiyo pome niione, nitaichora."

Mama Zuhura, jirani yetu Mwislamu, alikuunga mkono. Alisema wao huliita tufaha, hajapata kuliona, na Kurani nayo inataja mti tu.

Padri akaleta pome. Lilitoka Kasongo kwa gari la mizigo, ngozi imekunjamana. Watu walijaa kwenye kapela. Ulilinusa, ukaligeuzageuza. Kisha ukaliuma mbele yetu sote. Ukampa Baba nusu, naye akala, akasema kwa sauti: "Nimekula mwenyewe. Hakuna mutu amenidanganya."

Sijawahi kumpenda Baba kama siku ile.

Padri alisema umeifanyia mzaha dhambi ya Eva, akakunyima komunyo. Jumapili zote ulisikiliza misa ukiwa nje, mvua, jua, mgongo umenyooka, mpaka homa ilipokuchukua. Wakakuzika mbali na Wakristo wengine. Mama... hata msalaba walikataa. Baba aliuchonga mwenyewe akausimamisha, na hakuna aliyethubutu kuung'oa.

Padri yule amehamishwa. Ukutani Eva bado yupo, mkono mtupu. Katekista anasema nikisimama mbele ya watu na kukiri kwamba ulikosa, mtoto atabatizwa siku hiyohiyo. Mume wangu akaniambia, kiri tu, iko maneno tu. Nilifikiri siku tatu, sikufichi. Lakini ningekiri nini? Kwamba mama yangu alionja kitu kabla ya kukilaumu?

Jana nilimrudia katekista nikamwambia hapana. Akanitazama kwa huruma. "Utakuwa kama mama yako." Nikamshukuru.

Mume wangu alinuna jana kutwa. Leo asubuhi nimemkuta anashona kamba za mbeleko. Kesho tunaanza safari ya miguu kwenda Kasongo, sisi wawili na mtoto, na Baba anasema habaki, magoti yake yapende yasipende. Huko kuna padri mwingine. Akikataa naye, tutamtafuta mwingine mbele zaidi.

Pumzika, Mama. Machozi yangu usiyahesabu. Nakuahidi jambo moja: katekista huyu atazeeka hapahapa kijijini, na kila atakapotaka kumwita mjukuu wako, itambidi akutaje wewe.

Mtoto wako,
Riziki