Karatasi ya Chupa ya Tatu

Chuo cha Wauguzi, 6 Juni 1954

Shemeji Protase,

Shikamoo. Mimi mzima, na kahawa ya kutafuna uliyonitumia tumeitafuna na wenzangu ikaisha.

Mwaka jana mtoto wa tumboni tulifundishwa kwa michoro ya chaki. Sasa wameleta watoto wenyewe, ndani ya chupa zenye dawa ya kuwahifadhi. Mwalimu aliniita nisome karatasi ya chupa ya tatu: "Kokubanza wa Protase, Nyakasimbi, miezi saba, Februari 1953." Nilisoma yote kwa sauti, kisha nikaketi.

Ile sanda uliyopewa hospitali ikiwa imeshonwa, ukaizika migombani bila kuifungua kama desturi yetu, sijui ilibeba nini. Dada Kokubanza akienda kupalilia pale, mwache apalilie. Barua hii usimsomee.

Hamkuambiwa jinsia. Ni wa kiume, shemeji.

Shemeji yako,
Eugenia