Herufi Zilizojikunja

Buzebazeba, Kigoma
11 Mei 2003

Dada yangu mpendwa Evaline,

Shikamoo. Natumaini mu wazima huko Tabora, wewe, shemeji na Christina, ambaye nasikia posa yake imepokelewa. Huku dagaa wa Kibirizi wamejaa tele. Kilichoadimika ni akili. Baba hawezi tena kushika kikombe.

Majibu ya damu yake na yangu yamerudi kutoka ng'ambo. Daktari Mwinshehe alinieleza kwamba ndani ya DNA yetu kuna herufi tatu, C, A na G, zilizorudiwa kwa mfululizo mara nyingi mno. C hushikana na G, kwa hiyo uzi wa DNA ukifunguka ili unakiliwe, hujikunja wenyewe kama pini ya nywele. Unakili ukifika hapo huteleza, na nakala ya mtoto huweza kutoka ndefu kuliko ya baba. Watu wengi wana marudio yasiyofika thelathini; yakifika arobaini, ubongo huharibika polepole, na ndio ugonjwa huu wa Baba. Baba anayo arobaini na tatu. Mimi arobaini na saba. Dawa haipo.

Sasa uchawi uko wapi hapo? Miaka saba wanasema Regina, yule mkimbizi wa Burundi aliyekuwa akimpikia Baba, alimlisha kitu. Hata juzi Baba Mdogo Dismasi alitaka tumpeleke Baba kwa mganga wa Kalinzi. Nilimuuliza kama mganga huyo anajua kuhesabu. Akanijibu kuwa vitabu vimeniharibu.

Nikaenda kambi ya wakimbizi alikopelekwa. Nilimkuta Regina sokoni akiuza unga wa muhogo. Anarudishwa kwao mwezi ujao, na wenzake wanakataa kupanda lori moja na mchawi. Nilimweleza yote, hadi ile pini ya nywele. Alimpimia mteja unga wake kwanza, kisha akasema: "Mwalimu, mimi unaniambia ya nini? Mimi nilijua tangu siku ile kuwa sikumlisha kitu. Waambie waliotia sahihi."

Dada, ile barua ya kumshitaki kwa mtendaji, waliyoitia sahihi majirani, iliyomfanya achukuliwe kupelekwa kambini, umeamini siku zote kuwa aliiandika Baba Mdogo. Niliiandika mimi. Mtaa mzima huniletea malalamiko yao niyaandike, nami hupenda sentensi kali. Uchawi sikuuamini hata siku hiyo. Nilimwona Baba anaanguka, nikataka apatikane wa kulaumiwa, nikaandika kurasa mbili nzuri sana.

Uliniomba ninyamaze kuhusu vipimo hadi harusi ipite. Siwezi. Jumapili ijayo nitasimama mbele ya wale wale waliotia sahihi niwasomee barua nyingine, pamoja na hesabu yangu ya marudio, maana bila hiyo watasema nami nimelishwa. Wakwe wa Christina wako Ujiji hapa. Watasikia kabla ya jioni. Ndiyo maana nimetaka usikie wewe kwanza. Nenda ukapime, dada. Ukikutwa huna, mwanao naye hana. Unikasirikie baadaye. Harusi inaweza kusogezwa, lori la Regina linaondoka tarehe nne.

Msalimie shemeji, na mwambie Christina mjomba wake anampenda. Baba anakusalimu. Leo ametaja jina lako. Ilimchukua muda, lakini alilimaliza.

Mdogo wako,
Mwl. Jonathan